Duara lililokataa kulala

Siku tatu mfululizo nilikaa barazani kwetu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na duara la uzi mapajani, na kila nilipolitandika kwenye mkeka lilijikunja ukingoni kama marinda. Nililibonyeza kwa kiganja. Nililiwekea sinia juu yake usiku kucha. Asubuhi nikaondoa sinia, likainuka vilevile.

Nilikuwa nafuma mandala. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake duara, na watawa wa Tibet wana zao za ibada ambazo huzitengeneza kwa mchanga wa rangi kisha wakazifagia. Hizi za kroshia zimeazima jina na umbo tu: unaanza na tanzi moja katikati, unazunguka, kila mzunguko na rangi yake, mpaka upate kitu cha kutundika ukutani. Mimi nilipoiona picha yake kwenye simu sikuhisi ugeni wowote. Nimekua nikifunua kawa la ukili juu ya sinia la wali, na kawa ni nini kama si duara juu ya duara, jekundu, jeusi, na rangi ya miyaa yenyewe? Hata leso niliyojifunga ilikuwa na mji wake katikati na pindo kuuzunguka.

Uzi niliutaka wa pamba. Ule wa sufu bandia ni mlaini na rahisi kupatikana, lakini nakshi ya kuinuka huilaza; pamba inakaza na mshono unasimama. Maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, yalikuwa na mweupe na mweusi tu, kwa hiyo rangi nyingine zikaja na basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha zikavuka kwa boti: manjano ya bizari, nyekundu, kijani cha mkoko, buluu mbili, na zambarau ambayo sikuiagiza ila niliipenda nilipoiona. Sindano yangu ni ya milimita 3.5, ya alumini, maana ile ya chuma niliyoanza nayo zamani ililiwa na hewa ya chumvi.

Sasa, kosa. Maelekezo niliyoyafuata yaliandikwa kwa lugha ya wafumaji wa Marekani, nami nilifundishwa shuleni kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza. Mmarekani akisema dabo anakusudia mshono mrefu, ambao Mwingereza anauita trebo. Dabo ya Mwingereza ni mshono mfupi kabisa. Maelekezo yalisema anza na dabo 12, na kila mzunguko ongeza 12. Nikaanza na 12, nikaongeza 12, lakini nikafuma mishono mifupi kama nilivyofundishwa, tena kwa makini sana.

Bibi yangu, mzaa mama, alitoka ndani akaliangalia lile duara, akalishika ukingoni kwa vidole viwili.

"Hili n'tumbawe, mjukuu wangu."

Na kweli. Lilifanana na matumbawe hai ukiyaona chini ya maji wakati bahari imetulia, yale yenye ukingo wa mawimbi. Nilipotafuta sababu nikakuta kwamba mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Latvia, Daina Taimina, mwaka 1997 akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, alifuma kwa kroshia umbo la namna hii makusudi. Kuna aina ya jiometri ambayo ni shida kuionyesha kwa karatasi, naye aliionyesha kwa uzi: kila baada ya idadi ileile ya mishono unaongeza mmoja, mzunguko baada ya mzunguko, ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi yake, unalazimika kupinda. Matumbawe ya aina ile nayo hukua hivyo. Lile pambo langu lililoharibika sikulifumua. Nimeliweka kwenye kidaka sebuleni, ndani ya ukuta ambao wenyewe umejengwa kwa mawe ya matumbawe.

Hesabu yake nikaielewa kwa vidole kabla sijaielewa kwa akili. Mshono mfupi, urefu na upana wake vinakaribiana. Ukizunguka mara moja, duara limepanuka kwa urefu wa mshono mmoja kila upande, na ukingo unadai nyongeza ya mara sita na kidogo ya urefu huo. Basi ni mishono 6. Mshono mrefu una kimo cha mara mbili, kwa hiyo unadai 12. Ukipunguza, ukingo unakaza na duara linakuwa bakuli. Ukizidisha, tumbawe.

Nikaanza upya kwa mishono mirefu. Mzunguko wa kwanza 12, wa pili 24, wa tatu 36. Likalala kwenye mkeka kama chapati. Sijui niseme nini kuhusu furaha ile.

Mzunguko wa tano, wenye mishono 60, ndio nilioupa bisi. Bisi unaifuma hivi: mishono mirefu mitano katika tundu moja, yote mitano, hata tundu lijae. Unachomoa sindano, unaacha tanzi lining'inie. Unaiingiza sindano kwenye kichwa cha mshono wa kwanza kati ya ile mitano, unalidaka tanzi lililoachwa, unalivuta lipite. Hapo mishono mitano inakusanyika na kutokeza mbele, imevimba kama punje ya mahindi iliyopasuka kwenye sufuria. Bisi moja, mishono miwili ya kawaida, bisi tena. Zikawa 20, za manjano ya bizari, na ukipitisha kidole gizani unazihesabu. Umeme ulipokatika usiku ule nilizihesabu hivyo hivyo.

Mizunguko ya buluu niliifuma kwa kuzunguka shingo: badala ya kuingiza sindano kwenye kichwa cha mshono wa chini, unaipitisha nyuma ya mwili wake na kuitokeza upande wa pili. Mshono unaokuja unasimama juu kama kamba. Nilikuwa nikiufuma huku naitazama miimo ya mlango wa jirani, yenye nakshi iliyochongwa ikaachwa imeinuka, na nilitaka uzi wangu upate kivuli kama kile cha jua la alasiri.

Mizunguko 18 ilipotimia nikalilowesha na kulivuta kwa pini juu ya godoro la sponji likauke likiwa limenyooka. Kilikuwa kipupwe, hewa imejaa unyevu, likachukua siku mbili. Pini zikashika kutu. Nukta za kahawia 24 kwenye pindo jeupe! Nililia, nasema kweli. Bibi akaniagiza ndimu na chumvi, akasugua nukta moja moja, na zilizobaki sasa lazima uzitafute. Tangu siku hiyo navuta kwa vijiti vya mishikaki.

Lilipokuwa tayari nilimpelekea jikoni. Alilipapasa, akapitisha kidole kwenye bisi zote, kisha akalitandika juu ya sinia la wali. Likalala bapa, likagusa wali.

"Zuri sana. Lakini kawa lataka kimo, mama. Mvuke utapita wapi?"

Jioni hiyo nikachukua zambarau. Nimeanza na mishono 8, na kila mzunguko naongeza 8 tu badala ya 12. Niko mzunguko wa sita na ncha imeshasimama.