Njia ya Maji ya Robert Smalls

Boti iendayo ngome ya Fort Sumter ilipofungua kamba pale Charleston, abiria wengi walikimbilia viti vya kivulini. Mimi nilikwenda kusimama omo. Nimelelewa Pemba, baba yangu nahodha wa jahazi, na chomboni situlii nisipoyaona maji ya mbele. Safari hii ya South Carolina nilikuwa nimeiwaza miaka mingi kwa ajili ya mtu mmoja: Robert Smalls, aliyepita maji haya alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, mtumwa wa miaka 23, ameshika usukani wa meli ya jeshi la watu waliommiliki.

Bandari ni pana, na ukiitazama kwa haraka utadhani chombo kinaweza kupita popote. Sivyo. Kuna mafungu ya mchanga, kuna vijito vinavyojificha kwenye majani marefu ya maji ya chumvi, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kulikuwa pia na mabomu yaliyotegwa majini. Smalls aliyajua yote hayo, mabomu yenyewe akiwa miongoni mwa waliotumwa kuyatega. Meli yake, Planter, ilikuwa ya mvuke, ya kubebea pamba, na jeshi la Kusini, la majimbo ya watumwa yaliyojitenga, liliichukua kusafirishia askari na mizinga. Kuipitisha humo ni kazi ya rubani. Lakini jina la rubani lilikuwa la wazungu. Mtumwa, hata akiijua bandari kama kiganja chake, aliitwa mshika usukani tu, na karibu mshahara wake wote ulikwenda kwa bwana wake.

Hilo la kunyimwa jina la kazi yake ndilo lililonifanya nimpende mtu huyu kabla sijajua mengine. Kwetu mtu hupanda chomboni akiwa kijana wa kufua maji, akapanda daraja hata siku moja wenzake wakamwita nahodha, na siku hiyo haisahau.

Mkewe, Hannah, naye alikuwa mtumwa, mtumishi wa hoteli mjini. Smalls alikuwa amekubaliana na mmiliki wa Hannah kumkomboa yeye na mtoto wao wa kwanza kwa dola 800, na alizokuwa nazo mkononi zilikuwa 100. Nikiwa pale omo nilipiga hesabu ya miaka ambayo ingehitajika, nikaiacha.

Usiku ule maofisa wote watatu wa kizungu walishuka kwenda kulala nchi kavu, kinyume cha amri. Kama saa tisa usiku mabaharia watumwa wakawasha moto wa mvuke. Walisogea kwanza gati nyingine kuwachukua Hannah, watoto na wengine; jumla wakawa watu 16, na walikuwa wamekubaliana kwamba wakishindwa watailipua meli kuliko kurudi. Smalls alivaa kofia pana ya majani ya nahodha wake, akasimama kama alivyozoea kusimama yule bwana, mikono kifuani. Kila ngome aliitolea ishara inayotakiwa.

Sasa boti yetu ilikuwa inaukaribia ukuta wa Fort Sumter, na nikauona ugumu wenyewe. Ngome imekaa katikati ya mlango wa bandari, matofali juu ya kisiwa cha mawe, na huwezi kuizunguka kwa mbali. Akiongeza mwendo, anashukiwa. Akipita mbali, anashukiwa. Ilibidi apite pale pale wanapopita kila siku, kwa mwendo ule ule, mke na watoto wakiwa chini ya sitaha, na kunaanza kupambazuka. Akapiga honi ya mvuke, milio miwili mirefu na mmoja mfupi. Ngome ikamruhusu.

Mbele walikuwapo wa upande wa Muungano, yaani serikali ya Marekani iliyopigana na Kusini, wakiizuia bandari, na manowari yao Onward ilikuwa tayari kupiga mizinga ilipoiona meli ya adui ikija. Kilichowaokoa ni shuka nyeupe ya kitandani iliyopandishwa mlingotini badala ya bendera. Smalls akawakabidhi meli, mizinga iliyokuwa ndani, kitabu cha ishara na, kilichokuwa na thamani kuliko vyote, yale aliyoyajua kichwani kuhusu ulinzi wa bandari. Serikali ilimzawadia dola 1,500.

Kesho yake tuliendesha gari kuelekea Beaufort, alikozaliwa, kiasi cha kilomita 110 kusini. Njia inapita mashamba ya zamani ya mpunga, yaliyochimbwa na kuwekewa milango ya maji na watumwa waliotoka pwani za Afrika Magharibi wakiwa na ujuzi huo tayari. Daraja la mto Combahee limepewa jina la Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa, ambaye Juni 1863 aliongoza pamoja na jeshi uvamizi uliowakomboa watu zaidi ya 700 mtoni humo. Nilimwomba mwenyeji wangu asimame kando. Magari yalipita kwa kasi, na chini maji ya kahawia yalikuwa yanakupwa polepole.

Mjini Beaufort nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Prince. Nyumba ni kubwa, nyeupe, ina baraza na nguzo, na wanaishi watu, kwa hiyo nilisimama nje ya uzio. Nyuma ya nyumba hii mama yake Smalls, Lydia, alimzaa mwaka 1839, wote wawili wakiwa mali ya mwenye nyumba. Vita vikiendelea bado, nyumba iliuzwa mnadani kwa deni la kodi, na aliyeinunua ni Smalls. Akamleta mama yake ndani, mlango wa mbele.

Baadaye alichaguliwa mara tano kwenda Bunge la Marekani, na mwaka 1868 alipigania shule za bure kwa watoto wote wa jimbo lake. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Kaburi lake liko kwenye kanisa la Tabernacle Baptist, na sanamu ya kichwa chake ina maneno aliyoyasema 1895, wakati wajumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo walipokusanyika kuwanyang'anya weusi kura: kwamba watu wake hawahitaji utetezi maalumu, kinachotakiwa ni nafasi sawa katika mapambano ya maisha. Nilisoma mara tatu. Alifariki 1915 akiwa ameishi kuiona kura hiyo ikiondoka.

Jioni nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefika kwa yule mshika usukani wako?"

Nikamweleza mto, ngome, kofia ya majani. Kisha nikamsimulia jambo nililokuwa nimemwekea: Desemba 1863 Planter ilishambuliwa ikiwa upande wa Muungano, nahodha wake mzungu akaingiwa na hofu akaiacha sehemu ya kuongozea, Smalls akashika usukani na kuitoa salama. Wakampa chombo kile kile, awe mkuu wake.

Baba alikaa kimya kidogo.

"Basi usimwite mshika usukani," akasema. "Nahodha Robert."