Nguzo nne za umeme: nilivyoachana na kulazwa kila kipupwe

Aliyewahi kushikwa na kichomi, yaani nimonia, hahitaji kuelezwa. Ukivuta pumzi unasikia kama sindano inapita katikati ya mbavu, ukijizuia usivute kifua kinadai. Mimi kilinishika mara 3 ndani ya kipindi kisichozidi miezi 14, na mara 2 kati ya hizo nililazwa.

Naishi Njombe. Mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi kwelikweli, asubuhi nyingine unakuta majani yamefunikwa na barafu nyeupe, na watu wanasalimiana "kamwene" mikono ikiwa imezama ndani ya makoti. Kazi yangu ni kushona. Wakati ule nilifungua kibanda saa moja asubuhi, nikainamia cherehani ya umeme hadi saa kumi na mbili jioni. Jiko la mkaa lilikuwa miguuni, mlango nimeurudishia ili joto lisitoke. Chakula cha mchana nililetewa hapohapo. Jioni nilipanda bodaboda kurudi nyumbani, njia ambayo kwa miguu ni robo saa tu. Mwili wangu ulikuwa hautembei, na sikuwa nimeliona hilo.

Mara ya kwanza ilikuwa Juni 2022. Yalianza mafua ya kawaida, nikaingia duka la dawa, nikauziwa vidonge bila kupimwa chochote. Siku ya tano nilikuwa natetemeka chini ya mablanketi matatu, nakohoa makohozi yenye rangi ya kutu. Nikalazwa. Desemba ikarudi, safari hiyo nikatibiwa nikiwa nyumbani. Julai 2023 ndiyo iliyonitisha, maana niliwekewa oksijeni na mwanangu alikaa pembeni ya kitanda akihesabu pumzi zangu kwa sauti ya chini.

Picha ya kifua ilionyesha weupe mzito upande wa kulia, chini. Makohozi yakapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Nikapimwa VVU na sukari, kote salama. Nilimshukuru Mungu, lakini swali likabaki: kwa nini mimi, tena na tena?

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa fiziotherapia aliyepita wodini. Aliweka kiganja chake kwenye mbavu zangu za chini akasema, "Mama, vuta pumzi uusukume mkono wangu." Nikavuta. Mabega yalipanda, lakini mkono wake haukusogea hata kidogo. "Unaona? Hewa inaishia juu. Huku chini hapafunguki."

Akanieleza kwamba njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kupepea kuelekea juu, vikipandisha ute ulionasa vumbi na vijidudu hadi kooni tuumeze au tuuteme. Moshi wa mkaa unavilemaza. Mtu akikaa ameinama siku nzima, pumzi zinakuwa fupi, sehemu za chini za mapafu hazijai hewa na ute unatuama. Vijidudu vikifika hapo vinakuta makao tayari. Ukitembea kwa kasi unalazimika kuvuta pumzi ndefu, mapafu yanafunguka hadi chini, ute unasogea, na misuli ya kupumulia inapata nguvu ya kutoa kikohozi cha kweli kinachosafisha.

Kuna na jambo la damu. Mwili ukichangamka, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, zikiwemo zile zinazoua chembe zilizokwisha kuvamiwa na virusi, huingia kwa wingi kwenye mzunguko na kufanya doria. Baada ya saa chache hali hurudi kama kawaida. Nililipenda hilo la doria, kwa sababu askari akipita mara moja kwa mwezi mwizi anajua ratiba yake. Ndiyo maana mazoezi ya Jumamosi moja moja hayanishawishi hadi leo.

Nilianza wiki 2 baada ya kutoka hospitali, kwa ruhusa ya daktari. Barabara ya kwetu ina nguzo za umeme zilizopangana vizuri, nikazifanya kipimo changu. Siku ya kwanza nilifika ya nne. Nikaikumbatia ile nguzo, miguu inacheza, skafu imelowa mvuke wa pumzi. Kesho yake nne tena. Nilikaa kwenye nne siku sita nzima kabla ya kuongeza moja. Kila jioni nilikaa kitandani, viganja mbavuni, nikavuta pumzi kwa pua taratibu mpaka vidole viachane, mara kumi. Siku vidole vilipoachana kweli nilimwita mwanangu aje aone.

Kufikia mwisho wa Septemba nilikuwa naenda kazini na kurudi kwa miguu. Oktoba nikaongeza mteremko wa kwenda mto Ruhuji, na kupanda kwake ndiko kulikonifundisha kupumua. Sikimbii. Natembea kasi ambayo naweza kuongea lakini siwezi kuimba, dakika 30, siku 5 au 6 za wiki. Jumla yake inafika dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima kila wiki.

Nilikosea Novemba. Nilikuwa na homa kidogo na kifua kimeanza kubana, lakini kwa kuwa nilijiona nimepona kabisa nikajiunga na vijana wa jogging Jumamosi, tukakimbia zaidi ya saa nzima. Nikalala siku tisa. Mpwa wangu anayesoma uuguzi alinigombeza kwa heshima: "Shangazi, zoezi zito mwilini mwenye homa linaweza kufika hadi kwenye moyo." Akanieleza habari za mbio za marathoni za Los Angeles za mwaka 1987. Watafiti walikuta kwamba katika wiki iliyofuata, karibu asilimia 13 ya wakimbiaji walisema wameugua, wakati kwa wenzao waliofanya mazoezi kama yao lakini wasikimbie siku ile walikuwa asilimia 2 na kitu.

Mtafiti wa kazi ile, David Nieman, baadaye akiwa na wenzake aliwafuatilia watu wazima 1,002 nchini Marekani kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi siku 5 au zaidi kwa wiki walikuwa na siku za kuugua mafua na koo pungufu kwa asilimia 43 kuliko wale wa kukaa tu. Hayo ni maradhi ya njia ya juu ya hewa, si mapafu yenyewe, lakini nimonia zangu zote zilianzia puani, kwa hiyo habari hiyo ilinihusu. Na wakati wa korona, uchunguzi wa wagonjwa 48,440 huko California ulionyesha kwamba wasiofanya mazoezi kabisa walikuwa na uwezekano wa kulazwa zaidi ya mara 2 ya wale waliozoea kuyafanya.

Tangu hapo kanuni yangu ni rahisi. Ikiwa ni pua tu, natembea polepole na kurudi mapema. Ikiwa ni homa, kifua au maumivu ya mwili mzima, nalala, na narudi barabarani kwa nusu ya mwendo.

Niseme na ukweli huu: mazoezi hayakufanya kazi peke yake. Jiko la mkaa nililitoa kibandani wiki ileile niliyotoka wodini. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kukuua usiku mmoja, acha habari ya mapafu. Siku hizi nina soksi nzito, blanketi la magotini, na dirisha liko wazi kidogo. Siwezi kuutenga mkaa na miguu nikasema huyu kafanya hiki na yule kile. Na kikohozi kikizidi wiki 2 nakwenda kupima kifua kikuu, hata kama najisikia vizuri. Nawaomba sana na nyinyi mwende.

Tangu Julai ile ya 2023 sijalazwa. Mafua nimepata, yakaishia puani.

Sasa natembea na mama mkwe. Ana miaka 68 na maisha yake yote amepikia kuni. Alikuwa akinitazama nikitoka kila asubuhi, siku moja nikamkuta mlangoni amekwisha kuvaa raba. Siku hiyo tulifika nguzo ya pili. Jana tumefika ya kumi na moja. Akaishika, akavuta pumzi ndefu ya puani kama nilivyomwonyesha, akaniuliza, "Mwanangu, ile ya mbele yenye transfoma, tutaifikia lini?"