Siku nne za kimya baada ya wiki tatu za metali

Safari yangu ya mwaka 2025 ya matamasha ya metali, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme, ilianza kuisha tarehe 8 Agosti, siku nane kabla sijaisikia bendi ya mwisho. Nilikuwa nimeketi juu ya ukuta wa ngome ya Josefov, mjini Jaroměř katika Jamhuri ya Cheki, ngome ya matofali iliyojengwa karne ya 18 na ambayo sasa ni nyumbani kwa tamasha la Brutal Assault. Chini yangu majukwaa yalikuwa yananguruma. Mimi nilikuwa nimeinamia simu, ninajitoa kwenye tiketi ya treni.

Tiketi yenyewe ni ile ya Ujerumani iitwayo Deutschlandticket. Mwaka huo ilikuwa euro 58 kwa mwezi, nayo inakupandisha treni zote za mikoani na mabasi ya mijini. Ila haiuzwi kama tiketi ya siku moja. Unajiandikisha, na usipojitoa kufikia tarehe 10 ya mwezi, mwezi unaofuata unakatwa tena. Binamu yangu anayeishi Hamburg ndiye aliyeninunulia, na alinikumbusha mara tatu: "Dada, usisahau tarehe kumi." Nilipoona ujumbe wa kuthibitisha, moyo uliniuma kidogo. Bado nilikuwa na tamasha zima mbele yangu, lakini nilijua kuanzia dakika ile ninarudi nyumbani.

Nilijifunza kuanza mapema hivyo kwa sababu ya mwaka 2023.

Mwaka ule nilikwenda Wacken tu. Wacken ni kijiji cha watu kama elfu mbili, kaskazini mwa Ujerumani, na tangu 1990 kila kiangazi mashamba yake hugeuka kuwa mji wa wapenzi wa metali. Siku hizi wanafika kama 85,000. Mwaka 2023 mvua ilinyesha hadi waandaaji wakafunga milango watu kama 50,000 wakiwa wameshaingia, na maelfu wakageuzwa njiani. Mimi nilikuwa ndani. Tamasha lilikwisha Jumamosi usiku, Jumapili jioni nikawa ndani ya ndege, Jumanne asubuhi nikawa ofisini Nairobi na mahesabu ya mwisho wa mwezi mezani. Gambuti zenye matope na hema bichi vilikuwa vimefungwa pamoja kwenye begi moja, na nilipolifungua Jumamosi iliyofuata, hema lilikuwa limeota ukungu mweusi. Masikio yalinilia siku sita. Shingo ilikaza, sikuweza kugeuka kutazama nyuma. Na Jumatano yake nilijifungia chooni ofisini nikalia, bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mtu.

Nilidhani ni uchovu. Uchovu ulikuwepo, lakini baadaye nilitambua kwamba nilikuwa pia na msiba mdogo. Nilikuwa nimeishi siku sita na watu ambao hawakuniuliza hata mara moja imekuwaje mwanamke wa Mombasa, aliyejitanda mtandio, akapenda muziki huu. Halafu ghafla, bila hata siku moja ya katikati, nilirudi mahali ninapoulizwa kila wiki.

Kwa hiyo 2025 nilipanga matamasha matatu yanayofuatana: Wacken kuanzia tarehe 30 Julai, Brutal Assault kuanzia 6 Agosti, na Summer Breeze kule Dinkelsbühl, jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kuanzia 13 hadi 16 Agosti. Kisha nikaongeza siku nne ambazo sitasikia muziki wowote. Fedha za zile siku nne zilitoka kwenye akiba ileile ya safari niliyoiweka miaka miwili katika chama chetu cha kuweka akiba, na wenzangu wa Nairobi walinisihi nizitumie kwa tamasha la nne. Nilikataa. Siku hizo ndizo nilizozilipia kwa roho safi kuliko zote.

Safari ilianza na kifo. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, alifariki tarehe 22 Julai, wiki moja kabla Wacken haijafunguliwa, akiwa na miaka 76. Siku kumi na saba tu kabla ya hapo alikuwa ameimba mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, mji aliozaliwa, ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi kwa sababu miguu haikumbeba tena. Kule Wacken, katika mvua na matope yaliyofanya matrekta yavute magari mashambani, kila ukigeuka uliona jina lake: kwenye bango, kwenye kiraka kilichoshonwa mgongoni mwa kizibao, kwenye kadibodi iliyolowa. Nilisimama na watu nisiowajua tukaimba nyimbo za Black Sabbath kwenye foleni ya maji. Nilikuwa nikimfikiria sana yule mzee na kile kiti. Hakusubiri mwisho umkute. Alikwenda kwao, akawaita rafiki zake, akaaga.

Sitasimulia bendi zote, nikianza sitamaliza. Nitasema tu kwamba Guns N' Roses waliimba Wacken usiku wa mvua nami nikawasikiliza nikiwa nimevua buti moja lililojaa maji, na kwamba ndani ya ngome ya Josefov sauti hupiga ukuta wa matofali ikarudi kifuani mwako mara ya pili.

Kuishusha safari kwa vitendo kulianza siku mbili za mwisho za Summer Breeze. Jambo la kwanza lilikuwa pesa. Kwenye matamasha ya siku hizi unalipia kwa chipu iliyoshonwa kwenye utepe wa mkononi, na kinachobaki unaomba urudishiwe benki. Kwa mwenye akaunti ya Nairobi, euro saba zilizobaki zinaweza kuliwa zote na makato. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa niliweka kidogokidogo, euro kumi, kisha tano, na Jumamosi jioni utepe ulikuwa na senti themanini.

La pili ni hema. Wengi huling'oa Jumapili asubuhi likiwa limelowa umande, kisha linaozea begini. Mimi nililing'oa Jumamosi saa nane mchana, jua la Bavaria likiwa kali kiasi cha kuufanya uwanja wote kuwa vumbi, wiki mbili tu baada ya matope ya Wacken. Nilikung'uta kila pembe, nikalianika juu ya uzio nusu saa, nikalikunja likiwa kavu kama karatasi. Usiku ule nililala ndani ya fuko la kulalia chini ya turubai la majirani zangu wa kambini, familia ya Kijerumani ya baba, binti na mjomba. Mtungi wa gesi wa jiko langu niliwaachia wao, maana hauruhusiwi kwenye ndege, tena ulikuwa na nusu yake. Nao wakanipa kitu nisichokitarajia: mkate, jibini na matufaha ya Jumapili. "Kesho maduka yote yamefungwa," binti alinieleza. Ni kweli, Ujerumani Jumapili hununui hata chumvi. Bila wao ningeshinda na njaa siku ya kwanza ya mapumziko yangu.

La tatu ni masikio, na hapa ninasema kwa msisitizo wote nilio nao. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Nchini Ujerumani kiwango kinachofuatwa kwenye maonyesho ni wastani wa desibeli 99 kwa nusu saa. Piga hesabu wewe mwenyewe ya saa nane kwa siku. Mwaka 2023 nilitumia vizibo vya sponji na nilivitoa kila bendi niliyoipenda ilipopanda. Safari hii nilikuwa na vizibo vya silikoni vyenye chujio, vinavyopunguza desibeli kama 20 bila kuufanya muziki usikike kama uko chini ya blanketi, na sikuvitoa hata mara moja. Tena usiku wa mwisho niliondoka mbele ya jukwaa bendi moja ikiwa bado haijapanda. Nilitembea polepole kuelekea kambini, sauti ikipungua nyuma yangu hatua kwa hatua, kama mtu anayetoka baharini huku maji yakimshuka kifuani, kiunoni, magotini. Nilitaka kuuacha muziki nikiwa bado ninaupenda, na nilifanikiwa.

Jumapili ile familia ilinishusha Nördlingen, kama kilomita 30 kusini, wakiwa njiani kwenda kwao.

Niliuchagua mji huu kwa ramani, kwa sababu umekaribia kuwa duara. Umejengwa ndani ya kasoko, shimo lililochimbwa na kimondo yapata miaka milioni 15 iliyopita, upana wake kama kilomita 24. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni volkano. Ilikuwa hadi 1960 ambapo wanajiolojia wawili kutoka Marekani, Eugene Shoemaker na Edward Chao, walithibitisha kwamba ni kimondo. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 waliletwa hapa kujifunza mawe kabla ya kwenda mwezini. Kanisa la Mtakatifu Georg limejengwa kwa mwamba uliotokana na kishindo kile, na ndani ya mwamba huo kuna chembe za almasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Baada ya wiki tatu za kutikiswa, niliona ni haki yangu kupumzika mahali palipopata kishindo kikubwa kuliko vyote kisha pakatulia hivi.

Siku ya kwanza nililala saa kumi na tatu. Niliamka, nikaoga maji ya moto, nikaloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nikalala tena. Mlio wa masikio ulikuwepo, mwembamba, kama mbu aliye chumba cha pili.

Siku ya pili nilifua. Mama mwenye nyumba niliyopanga, mzee mwenye mikono mipana, alizitazama gambuti zangu, akanionyesha bomba la bustanini bila kusema neno, kisha akarudi na brashi mbili na tukazisugua pamoja. Nilifua pia kizibao changu cha viraka. Kwa watu wa metali hili ni jambo la kubishaniwa; wapo wanaoamini kizibao hakifuliwi maisha, jasho ndilo historia yake. Ninawaheshimu, lakini mimi nimelelewa na mama wa Mombasa, na nguo haiingii kabatini na jasho la juzi. Nilikifua kwa mkono, maji baridi, sabuni ya kipande, nikakianika kivulini ili rangi ya viraka isipauke.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniponya. Ukuta wa Nördlingen una urefu wa kilomita 2.7, umeezekwa juu, na unaweza kuuzunguka wote kwa miguu mpaka urudi ulipoanzia. Niliuzunguka mara mbili asubuhi. Mchana nikaketi kwenye benchi chini ya ukuta na sindano, uzi mweusi, na viraka vitatu vipya, kimoja kwa kila tamasha. Bibi yangu alikuwa akishona kofia za viua. Kofia moja ilimchukua miezi, na alisema kinachochosha si macho bali haraka. Nilishona kama alivyonifundisha, tundu baada ya tundu. Kila kiraka kilinirudishia sura za watu: yule kijana wa Poland aliyenishika mkono nisizame topeni, yule mama wa Cheki aliyenimiminia chai ngomeni saa saba usiku, yule binti wa majirani na matufaha yake. Nilipomaliza kukata uzi wa mwisho jua lilikuwa limeshuka na nilikuwa nimelia kidogo, safari hii nikijua ninalia nini, na hakuna aliyenisubiri na mahesabu.

Jumatatu ya tarehe 25 niliingia ofisini shingo inageuka, hema kavu liko juu ya kabati, na aliyeniuliza "Hivi wewe, huko ulifuata nini?" nilimjibu kwa utulivu mpaka akaomba nimwekee wimbo mmoja asikie.

Ila usiku wa mwisho kule Nördlingen ndio ninaotaka kuukumbuka. Mnara wa kanisa, ambao wenyeji wanauita Daniel, una urefu wa mita 90, na juu yake bado kuna mlinzi. Kila usiku, kuanzia saa nne hadi saa sita, kila nusu saa, anaita kutoka juu: "So, G'sell, so!" Ni mwito wa kale wa walinzi kuulizana kama wako macho. Usiku wa kwanza niliusikia kupitia ule mlio wa masikio yangu. Usiku wa nne nilifungua dirisha nikasubiri, na nikatambua kwamba mbu ameondoka. Kimya kilikuwa kimya kweli. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona leo kimya huko? U wapi?"

Kabla sijajibu, mlinzi akaita. Sauti moja, bila kipaza sauti, ikapita juu ya mapaa yote.

"Ni nani huyo?" mama akauliza. "Kuna mwadhini huko?"

"Hapana mama, ni mlinzi wa mnara. Anaita kila nusu saa, watu wajue kuna mtu yuko macho."

Akanyamaza kidogo. Mombasa ilikuwa saa tano usiku, na nilisikia feni ya chumbani kwake ikizunguka.

"Basi usikate," akasema. "Ngoja nimsikie tena."