Nodame kaniteka jamani

Juzi usiku nimemaliza Nodame Cantabile na mpaka leo nasikia piano tu kichwani. Ni manga (hadithi ya michoro) ya Tomoko Ninomiya, ilianza 2001 huko Japani kwenye jarida la Kiss, ya wadada wakubwa sio ya watoto, kuna Nodame fundi wa piano ila mchafu balaa (chumba chake we acha tu) na jirani yake Chiaki anayetaka kuongoza okestra Ulaya ila anaogopa kupanda ndege, sasa utafikaje huko kaka? Kwenye tamthilia ya 2006 Juri Ueno kaicheza mpaka unasahau anaigiza, halafu 2023 karudi kuwa Nodame tena, safari hii jukwaani na nyimbo juu, miaka 17 baadaye! Katuni ya 2007 nayo ipo, nzuri, ila mi namtaka Ueno.