Siku moja maishani mwangu: na kamera katika baa za Black Country

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Betri zimejaa tangu jana usiku. Naziweka mfuko wa ndani wa koti, maana baridi ya Oktoba huzinyonya upesi. Nabeba lenzi mbili tu, moja pana kwa vyumba vya baa na nyingine ya kawaida kwa mengine yote. Leo ni zamu ya Dudley na vitongoji vyake, magharibi ya Birmingham, Uingereza. Hii ndiyo Black Country, nchi iliyochimbwa makaa ya mawe, chuma na chokaa hadi ardhi ikalegea.

Saa moja na nusu. Niko Wren's Nest, kilima cha mawe ya chokaa kilichotangazwa hifadhi ya asili ya taifa mwaka 1956 kwa sababu ya miamba yake. Kuna ukuta mzima wa mwamba wenye mikunjo ya mawimbi, alama za bahari iliyokuwa hapa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mikunjo hiyo inataka mwanga wa ubavuni. Jua likipanda juu, picha inakuwa bapa. Hapa ndipo walipookota trilobaiti, wadudu wa kale wa baharini waliogeuka mawe, wengi hata mdudu huyo akaingia kwenye nembo ya mji. Chokaa ya kilima hiki iliishia kwenye tanuri za chuma, na wachimbaji walioitoa walikuwa na kiu. Huwezi kuzielewa baa za huku bila kupita hapa kwanza.

Saa tatu na nusu. Ngome ya Dudley naipiga haraka. Imepigwa picha na kila mtu, na ukweli ni kwamba haitakimbia. Navutiwa zaidi na lango la bustani ya wanyama lililo chini yake, lenye paa za zege zilizopinda kama wimbi, kazi ya Berthold Lubetkin na wenzake wa Tecton, kundi la wasanifu majengo, lililofunguliwa mwaka 1937. Majengo 12 ya kundi hilo bado yamesimama bustanini. Nasubiri basi lipite, nabonyeza, naondoka.

Saa sita mchana. Netherton, baa ya Old Swan. Wenyeji wanaiita Ma Pardoe's, kwa jina la mama aliyeiendesha miaka mingi. Hapa sina haraka hata kidogo. Kwanza naagiza, nakaa, naacha watu wanizoee. Kisha namfuata mhudumu kaunta na kumwomba ruhusa, ingawa nilishapiga simu wiki iliyopita. Wateja nao nawauliza mmoja mmoja. Asiyetaka kuonekana, namgeuzia kamera upande mwingine. Flashi siitoi kabisa. Naweka kamera kwenye stendi, nafungua shata kwa sekunde nzima, na mwanga wa dirishani unafanya kazi yake.

Ninachokifuata kiko juu ya vichwa. Dari ni la mabati yaliyopakwa enameli, na katikati kuna bata-maji mweupe. Ili aingie wote kwenye picha bila kupinda, nimelaza kamera karibu na sakafu ikitazama juu. Mzee mmoja wa kona ya jiko la chuma ananiangalia muda mrefu, halafu anasema, "Usiisahau mizani, mwanangu. Wote wanapiga dari, mizani hawaioni." Ni kweli. Mizani ya kupimia watu imesimama pale pale, na nilikuwa nimeipanga ya mwisho. Naianza yeye akitazama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati chama cha kutetea bia ya asili cha CAMRA kinaanzishwa, Uingereza nzima ilikuwa imebakiwa na baa nne tu za zamani zilizokuwa zikijipikia bia zenyewe. Hii ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo napiga pia ua wa nyuma, mabomba, ngazi, ndoo. Nani atavikumbuka hivi vikiondolewa?

Swali hilo halinitoki tangu yaliyoipata baa ya Crooked House, kule Himley. Ilijengwa mwaka 1765 kama nyumba ya shamba, na uchimbaji wa chini ya ardhi ukaizamisha upande mmoja hadi ikainama yote. Mle ndani gololi zilionekana kupanda mlima juu ya meza. Tarehe 5 Agosti 2023 iliungua, na siku mbili baadaye ikabomolewa. Februari 2024 halmashauri iliamuru ijengwe upya. Watu walikuwa na picha nyingi mno za uso wa mbele, wamesimama mlangoni wakicheka. Lakini fundi wa kuirudisha atataka kujua fremu ya dirisha ilikaa vipi, kaunta iliishia wapi, vigae vilipangwaje. Ndiyo maana napiga vitasa vya milango. Napiga hata choo, kikiwa cha zamani.

Saa tisa alasiri. Kabla ya basi, dakika chache kwa mfano wa nanga ya Titanic uliowekwa hapa Netherton. Nanga yenyewe, karibu tani 16, ilitoka kiwanda cha Hingley mwaka 1911 na kukokotwa na farasi 20 hadi stesheni ya Dudley. Mtoto wa shule anakubali kusimama kando, mama yake akiwa karibu, ili ukubwa uonekane.

Saa kumi na moja jioni. Brierley Hill, barabara ya Delph. Baa inaitwa The Vine, nayo iko ubavuni mwa kiwanda cha bia cha Batham, familia iliyo kwenye kazi hii tangu 1877. Mbele, juu ya ukuta, kumeandikwa mstari wa Shakespeare wa kumsifu mpika bia, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nasimama ng'ambo hiyo na kungoja. Kwenye saa kumi na mbili na nusu, jua likishazama, kuna dakika chache ambapo mwangaza wa anga na wa taa za ndani unalingana: vioo vinawaka na maandishi bado yanasomeka. Ukiwahi, madirisha ni meusi. Ukichelewa, ukuta umepotea. Magari yananikata kila mara, lakini napata picha moja ninayoitaka, yenye mlango wazi na mtu anaingia na mbwa wake.

Saa tatu usiku. Nahamisha picha kwenye diski mbili na kuandika maelezo ya kila moja: jina la baa, chumba, upande wa dira, tarehe. Kazi hii wengi huiruka, na picha isiyo na maelezo baada ya miaka 30 ni ukuta tu. Nimemwandikia tayari mwenye baa ya Beacon Hotel, Sedgley, kumwomba niingie kabla ya wateja. Kaunta yao ya katikati ina vidirisha vidogo vya kupitishia glasi kwenda kila chumba, na nataka nivipige kimoja kimoja.