Siku moja na uwanja wa chuo changu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Umande haujakauka na mimi niko uwanjani na ndoo yangu. Naanzia kona ya jikoni, natembea hadi goli la chini, nasogea hatua tatu pembeni, narudi, hivyo hivyo mpaka uwanja uishe. Naokota mawe, vipande vya chupa, kinyesi cha ng'ombe waliokatiza usiku. Akina mama wanaowahi sokoni wananisalimia, "Shikamoo mwalimu, bado unalima tu?" Wengi hapa mjini wananijua kama mkata nyasi wa chuo. Mimi ni mkufunzi wa michezo katika chuo cha ualimu, na nimebakiza miaka miwili nifikishe 60 nistaafu.

Niliingia chuo hiki mwaka 1988 nikitokea kidato cha nne, kusomea Daraja la A. Miaka yote miwili nilicheza mpira namba mbili, beki wa kulia. Nikapangiwa shule za msingi, nikajiendeleza, na mwaka 2003 nikaomba mwenyewe kuhamishiwa hapa. Nafasi za kwenda kwingine zilikuja baadaye, nikazikataa. Mke wangu anaijua sababu, ingawa hajawahi kuipenda.

Paja langu la kushoto lina kovu refu kama kidole. Nililipata kwenye uwanja huu huu, 1989. Mistari ilikuwa imechorwa kwa chokaa hai, ile ambayo haijazimwa kwa maji. Kulikuwa na manyunyu, nikateleza juu ya mstari nikimwahi winga. Chokaa hai ikikutana na maji inachemka, na ngozi iliyo hapo inaungua. Leo chokaa ya uwanja huu naizima mwenyewe siku kadhaa kabla ya mechi, na simwachii mtu kazi hiyo.

Saa mbili hadi saa sita ni vipindi. Wiki hii tunapima uwanja kwa kamba, maana walimu hawa watakwenda kwenye shule ambazo uwanja ni kipande cha ardhi chenye visiki. Goli mita 7.32, penalti mita 11, duara la kati mita 9.15 kutoka katikati hadi ukingoni: hayo wanayakariri bila shida. Kinachowashinda ni kona. Kwa hiyo tunafunga kamba yenye nafasi 12 zilizo sawa, wanachuo watatu wanaivuta kwa nafasi tatu, nne na tano, na kona inakuwa ya mraba palepale. Wakiiona mara ya kwanza hupiga makofi.

Saa saba, ugali na dagaa bwaloni.

Saa nane kasoro nikasikia mngurumo. Jumamosi ni mahafali, na tulishakubaliana kwamba mahema yafungwe upande wa bwalo, penye changarawe. Usiku mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Nilipotoka nje, Fuso lililojaa mahema na viti lilikuwa limeshapita geti la chini na linaikata kona, linaelekea katikati. Nilikimbia. Kwa umri wangu, nilikimbia.

"Simama, kijana wangu! Simama!"

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa yanafungwa uwanjani."

"Nani kakuambia?"

"Bosi."

Bosi akapigiwa, hakupokea. Nikamwonyesha dereva matairi yalivyozama. Akatazama, akasema, "Lakini nyasi si zitaota tu, mzee?" Alisema kwa upole kabisa, na kauli hiyo iliniuma kuliko matusi. Akajaribu kurudi nyuma, tairi zikazunguka pale pale, tope likaruka mpaka kwenye nguzo ya goli. Bosi alipopokea aliahidi kuleta trekta. Tukasubiri trekta. Kila baada ya dakika 20 lilikuwa "lipo njiani". Mwishowe wanachuo wakashusha viti vyote na mabomba ya mahema, wakavibeba kichwani hadi bwaloni, tukaweka mbao chini ya tairi, na watu 30 wakalisukuma huku mmoja akihesabu. Lilitoka. Lilituachia mifereji miwili yenye kina cha kiganja, kutoka kwenye bendera ya kona hadi ndani ya boksi.

Vijana walitaka kuirudishia kwa kukanyaga kingo. Nikawazuia. Udongo uliobanwa na tairi hauna hewa, na ukiukanyaga tena mzizi unakufa na maji yanatuama. Unachomeka jembe la uma pembeni mwa mfereji, unauinua udongo taratibu mpaka uachie, unajazia mchanga uliochanganywa na udongo wa juu, kisha unapanda vipande vya ukoka, kila kimoja na vifundo vyake, umbali wa kiganja. Baada ya hapo ni maji kila jioni, kwa majuma. Dereva alisimama akatutazama. Kisha akavua viatu, akachukua toroli, akaanza kubeba mchanga. Hakuna aliyemwomba.

Mazoezi yalianza jua likiwa limeshuka, sijui ilikuwa saa ngapi. Timu inajiandaa kwa UMISAVUTA, mashindano ya vyuo vya ualimu, na ilipata nusu ya uwanja tu. Wasichana wa mpira wa pete walikuwa na nafasi yao, heri yao. Namba mbili wangu wa mwaka huu ni kijana mwembamba mwenye kasi, ila anamkodolea macho mwenye mpira na kumsahau winga mgongoni. Nikasimama karibu naye, nikamgeuza bega kwa mkono wangu ili awaone wote wawili. Mpira wa tatu aliunasa. Mgongo ulikuwa unaniuma, lakini nilibaki pale mpaka giza.

Nyumbani nilioga na kulala kabla chakula hakijaiva. Simu ndiyo iliyoniamsha. Ni yule dereva. Jumapili anarudi kuchukua mahema, anauliza apitie geti gani.

Nikamwambia la juu, la jikoni, na kwamba nitakuwa nimesimama hapo.