Nilivyojipanga kabla ya kupatana bei ya samaki na hoteli hapa Malindi

Maushauri niliyopewa kabla sijaenda yalikuwa mengi, na mengi ni ya kumpoteza mtu. Mmoja akanambia taja bei mara mbili ya unayotaka alafu ushuke pole pole. Mwengine akasema usifungue mdomo mpaka wao wataje yao, mwengine eti nijifunze Kiitaliano kidogo nitapendwa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mama, huyo samaki anakugharimu ngapi mpaka afike mlangoni kwa hoteli? Na kazi yote iko hapo wallahi.

Mimi huchukua samaki kwa wavuvi wa Mayungu, wakati mwengine Ngomeni, nguru, kolekole, changu, tewa, pweza akipatikana. Hoteli moja ya upande wa Casuarina walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaletea kwa mkataba na mimi nikaitaka ile kazi kwelikweli, manake rejareja inachosha na watoto wanasoma.

Nikakaa na daftari. Bei ya bandarini, barafu, tuktuk, wale vijana wa kuparua, na samaki anayelala bila kununuliwa nikamtia pia kwenye hesabu manake kila wiki kuna anayelala. Nikapata bei ambayo chini yake nafanya kazi ya bure. Alafu nikampigia tajiri mmoja, mnunuzi wa samaki wa Mombasa, nikamuuliza nguru wangu atamchukua kwa ngapi. Akataja, analipa akipokea mzigo. Bei yake haikuwa ya kufurahisha lakini ilikuwa ya kweli, na kutoka hapo moyo ukatulia, manake hoteli wakinipa chini ya ile naaga kwa heshima nakwenda zangu. Mtu asiye na pa kwenda hukubali chochote, mnunuzi anamuona usoni hata kabla hajakaa.

Sasa kuna jambo la msimu, na hili watu wa hapa twalijua sote ila sijui kwa nini tukienda kupatana twaliacha nyumbani. Hoteli zetu nyingi hulala mvua za masika, Aprili mpaka Juni hivi, alafu Julai zinaamka na Agosti Waitaliano wanajaa manake ndio likizo yao kwao. Lakini Agosti bado ni kusi, ule upepo wa kusini! Bahari chafu, vyombo vidogo havitoki kila siku, samaki ni wa kugombaniwa. Desemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari nzuri, samaki wapo na wageni wapo. Kwa hivyo mwezi ambao hoteli inaumia ni Agosti. Wale walionishauri waliniambia niende Desemba wakati hoteli wana haja, mimi nikaenda Juni, hoteli imefungwa wanapaka rangi, meneja ana nafasi ya kukaa na kusikiliza, na Agosti iko mbele yake tu. Na sikwenda na bei moja ya mwaka mzima, nilikwenda na bei ya kaskazi na bei ya kusi, na nikaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo nikamkalisha binti wa jirani anayefanya kazi jikoni hoteli nyengine, nikamuuliza kila kitu, hununua vipi, hulipa baada ya siku ngapi, nani anasaini, samaki wanampikaje. Akanambia nguru wanatoa mnofu tu, kichwa na mifupa si ya wageni, na kwamba wa manunuzi anaangalia bei ya kilo lakini anayegombezwa samaki akikosekana ni shefu. Maneno hayo yalinifaa kuliko ushauri wote. Nikaomba siku ya mazungumzo shefu awepo.

Tukakaa. Yule kijana wa manunuzi, ana adabu zake, akanambia, "Mama, bei yako ni mia sita, kuna mtu ananiletea nguru kwa mia tano, sasa nitamwambia nini bosi?" Nikamwambia, mwanangu, bosi tutamuonyesha. Uko naye huyo wa mia tano hapo ndani? Alikuwa naye kwenye friji, aliletewa asubuhi kwa ajili ya wafanyakazi. Na mimi nilikuja na wangu kwenye kulboksi, nishamtoa matumbo na mashavu pale pale bandarini na kumlaza kwenye barafu. Wa mwenzangu alikuwa mzima na matumbo yake. Nikaomba mzani wa jikoni, si wangu, wa kwao, ili asiseme mtu neno. Kilo tano kwa kilo tano, tulichagua wanaolingana. Shefu akachukua kisu mwenyewe akatoa mnofu wa wote wawili. Wa mwenzangu nyama ilishaanza kulegea, akawa anakata na kutupa, ukatoka mnofu kilo mbili na gramu mia nane. Wangu ukatoka kilo tatu na nusu.

Nikatoa kalkuleta ya simu nikampa yule kijana apige mwenyewe. Elfu mbili na mia tano gawanya kwa 2.8, karibu 890 kilo ya mnofu. Elfu tatu gawanya kwa 3.5, karibu 860. Akapiga tena. Shefu akacheka akasema basi. Nami nilikuwa nishafanya hesabu hiyo hiyo nyumbani na samaki wangu mwenyewe kabla ya kwenda, usijaribu kitu cha namna hii mara ya kwanza mbele ya mnunuzi.

Bei ikapita, tukaja kwenye malipo na hapa ndio penye moto. Walitaka kulipa baada ya siku 60. Mabaharia wananidai pesa mkononi, nitawaambia wangoje miezi miwili? Lakini nilikuwa nishapanga nitatoa nini na nitataka nini, nikawaambia nawapunguzia shilingi ishirini kila kilo mkinilipa ndani ya siku 14. Ishirini inauma kidogo, kukaa bila mtaji ndio kunaua. Wakakubali. Usipunguze bure, kila ukitoa kitu omba kitu.

Kilichonisaidia pia ni invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, watu wa kodi. Tangu Januari 2024 hoteli ikinunua bila invoisi hiyo KRA kwa kawaida haiyahesabu manunuzi hayo kama matumizi ya kuwapunguzia kodi, na wachuuzi wengi wa hapa hawana. Mimi nilishajisajili ile ya simu, *222#, nikawaonyesha moja. Mhasibu alifurahi kuliko shefu.

Alafu kabla sijapanda tuktuk nikamtumia yule kijana wasap ya yote tuliyokubaliana, bei mbili, siku 14, na kwamba bahari ikichafuka naleta alichonipa Mungu na hakuna faini. Akajibu sawa mama, mkataba ukaandikwa vile vile. Oktoba tunakaa tena kuitazama ile bei ya kaskazi na safari hii pweza nataka awe na bei yake peke yake, nishaanza kumuandika kwenye daftari.